Nyumba yenye nyusi au isiyo na nyusi? Nakshi na simpo, ubavu kwa ubavu

Kaka yangu anajenga Kibada, Kigamboni. Msingi umeshamwagwa, tofali zimefika usawa wa madirisha, na hapo ndipo yeye na wifi waliposhindwana. Kaka anataka nyumba simpo: boksi jeupe, paa la kuficha, madirisha makubwa yasiyo na kitu pembeni. Wifi anataka nguzo mbili za mbele zenye vichwa vya majani, vile vijiguzo vya zege vyenye umbo la chupa kibarazani, mlango wa nakshi, na dari ya jipsamu yenye ngazi tatu na taa za rangi zimefichwa ndani yake. Jumapili moja waliniketisha katikati yao, kila mmoja na simu yake, picha zinapita.

"Wifi, wewe ndiye mchora ramani," mke wa kaka akaniambia. "Mwambie kaka yako sikuolewa nije kuishi ndani ya friji."

"Na mimi," kaka akajibu, "sijengi ukumbi wa harusi."

Ugomvi huu naujua, maana hunilipia kodi ya ofisi. Ila kwa ndugu huwezi kuchora anachotaka mwenye hela ukaondoka zako. Kwa hiyo nimekaa nikaupima kipande kwa kipande, na kwa kuwa najua hawako peke yao, nauweka hapa. Niseme mapema ninapoegemea: kwenye dari niko na kaka, kwenye mlango niko na wifi, na kwenye ukuta wa nje naona wote wawili wamepotea.

Boksi jeupe si la jana

Kaka anaamini simpo ndiyo mambo ya kisasa na nakshi ni ya wazee. Basi ajue kwamba boksi lake lina umri wa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1910, mjini Vienna, mbele kabisa ya kasri la mfalme wa Austria, mchora majengo Adolf Loos alikuwa akisimamisha jengo la duka la washonaji wa suti. Majengo yote ya jirani yalikuwa na madirisha yaliyozungushiwa mapambo, yenye vijipaa vya kuchonga juu yake. Ya Loos yalikuwa matundu ya mraba kwenye ukuta mweupe, basi. Manispaa ikasimamisha kazi. Watu wa mjini wakalibandika jengo jina: nyumba isiyo na nyusi. Mwishowe yakaafikiwa masanduku ya shaba ya kupandia maua chini ya madirisha, na jengo lipo mpaka leo.

Loos alikuwa na mhadhara wake maarufu uliolinganisha pambo na jinai. Hoja zake ni mbili, na nakushauri uzitenganishe. Ya kwanza ni ya kiuchumi, na bado ina meno: pambo linakula saa za fundi ambaye halipwi sawasawa kwa saa hizo, kisha linapitwa na wakati haraka, na kitu kizima kinatupwa kwa sababu ya ua lililochongwa pembeni. Ya pili sina haja nayo. Alimchukua mtu wa Papua anayejichora ngozi, akamfanya mfano wa binadamu ambaye bado hajastaarabika, kisha akasema mtu wa kisasa anayejichora ngozi ni mhalifu au ameoza. Bibi yangu alipaka hina mpaka siku za mwisho za uhai wake, na alijua thamani ya shilingi kuliko watu wengi wenye suti ninaowafahamu.

Lakini lipo jambo ambalo wapenda simpo hawalitaji. Huyohuyo Loos aliyekataa kuchonga alilivalisha jengo lile, sehemu ya chini, marumaru ya kijani yenye mishipa mikubwa inayotembea kama maji. Hakuchonga ua, lakini alilinunua likiwa limeshachorwa ndani ya jiwe. Simpo yake ilikuwa ya bei mbaya. Na Louis Sullivan, mchora majengo wa Chicago, aliyependekeza mwaka 1892 kwamba ingefaa watu waache mapambo kwa miaka kadhaa ili wajifunze kwanza kutengeneza majengo yenye umbo zuri, aliendelea mwenyewe kufunika majengo yake majani ya chuma na ya udongo wa kuchoma yanayotambaa kama mboga ya kisamvu baada ya mvua. Mapendekezo na mikono havikuwa na mapatano.

Kwetu pwani hesabu ilikwenda kwa njia nyingine. Wakati Vienna inagombana juu ya nyusi, Zanzibar Mwingereza J. H. Sinclair alikuwa anachora majengo ya serikali yenye kuba na matao ya kuigiza Uarabu. Beit el Amani, makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1925, ni kazi yake. Pambo hilo lilitolewa juu likashushwa, mtawala akijaribu kufanana na mtawaliwa. Halafu yakaja Mapinduzi ya 1964, na baada yake majumba marefu ya Michenzani, yaliyochorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki enzi za Mzee Karume. Hapo utupu wa ukuta ulikuwa na maana ambayo Vienna haikuifikiria. Mji Mkongwe mlango ulitangaza mwenye nyumba ni nani kabla hajafungua mdomo. Michenzani ilikusudiwa mlango usitangaze lolote.

Na kabla ya hao wote, Lamu ilikuwa imeshalimaliza suala hili bila mhadhara. Zile nyumba za mawe za karne ya 18, ukizitazama kutoka kichochoroni, ni kuta tupu. Hakuna dirisha la maana, hakuna ua lililochongwa. Pambo linaanzia mlangoni, unapita daka (kibaraza cha kuingilia), kiwanda (uwanja wa ndani), misana (vyumba virefu vinavyofuatana), na kadiri unavyozama ndivyo chokaa inavyozidi kuchongwa, hadi ufike ndani kabisa kwenye ukuta mzima wa zidaka, visanduku vidogo vya plasta vilivyopangwa safu juu ya safu, ambamo vilikaa vyombo vya kaure vya Uchina. Simpo kwa mpita njia, nakshi kwa mwenye nyumba. Nilipowaonyesha kaka na wifi picha ya ukuta ule kila mmoja alidhani ameshinda.

Mlango

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye kazi na ndipo penye utapeli.

Sokoni utakutana na milango ya aina nne. Upo wa nakshi uliochongwa kwa mkono. Upo uliochongwa na mashine ya kompyuta. Upo wa ubao mgumu usio na nakshi. Na upo ule wa chuma kutoka China, wenye rangi ya mbao iliyochapwa juu yake na maua yaliyogandamizwa.

Nilipata kukaa nusu siku kwenye karakana moja Unguja, fundi akichonga mwimo, ule mti wa pembeni wa fremu ya mlango. Kwanza mbao imeshapigwa randa na imelala miezi ili ikauke. Mchoro uko kwenye karatasi, anaugandisha juu ya ubao. Anaanza na patasi nyembamba kufuata mstari wa nje, nyundo ya mti ikigonga kidogo kidogo, tok, tok, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Halafu patasi pana inainua sakafu ya mchoro, na vipande vinatoka vimejikunja kama maganda ya ndimu. Akikosea hawezi kufuta. Nilimwona akikosea mara moja, jani likapasuka ncha. Hakusema neno. Akalipunguza jani lile, kisha akaenda upande wa pili wa mwimo akapunguza na mwenzake, wafanane.

Sasa tazama nakshi ya mlango wa kale imekaa wapi. Mfaa, ule mti wa katikati wenye mapambo mengi kuliko sehemu zote, umepigiliwa kwenye ubao mmoja ili ufunike ufa ambapo mbao mbili zinakutana. Njumu, vile vichwa vya shaba vinavyotokeza, zimekaa kwenye misumari inayoshika mbao za mbele kwenye mataruma, zile mbao za kukingama za nyuma. Waongoza watalii watakusimulia habari za tembo wa Bara Hindi waliokuwa wakisukuma malango, na ni hadithi nzuri, lakini seremala anaanza na msumari. Nakshi imeota kwenye kiungo. Penye kiungo ndipo penye udhaifu, na ndipo palipopewa mti mnene na jicho la kwanza.

Mlango wa mashine haufanyi hivyo. Mashine inaweza kuchonga popote, kwa hiyo imechonga popote, kina kilekile, jani la kushoto na la kulia ni mapacha. Mimi siuchukii. Kama mbao ni ngumu na ni nzima, utadumu, na unapungua bei. Shida ni kwamba mara nyingi unachongwa kwenye ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, unapakwa rangi ya chokoleti, na muuzaji anakutajia mninga. Ubonyeze kwa ukucha upande wa chini, pasipopakwa rangi. Ukiona unga, ondoka.

Ule wa chuma wa China una faida yake: hauliwi na mchwa na una kufuli nyingi. Lakini ni kitu kimoja kinachojifanya kingine. Kutu ikianza pembeni, ile mbao iliyochapwa inachubuka kama ngozi iliyoungua, na hakuna fundi wa mtaani atakayeirudisha. Ukiutaka kwa usalama, mwambie muuzaji akupe wa rangi moja, usio na maua. Hapo angalau ni chuma kinachosema ni chuma.

Mlango wa ubao mgumu bila nakshi ndio ambao kaka alidhani ni wa bei ya chini. Nilimpeleka kwa seremala akaulize. Mlango wa nakshi, ubao ukiwa na fundo au rangi zisizolingana, mchoro unameza kasoro. Mlango mtupu hauna pa kujificha. Mbao lazima zilingane mishipa, maungio yabane bila gundi kuchungulia, msasa upite mpaka mkono ukipita usikwame. Ubao mmoja ukijikunja kidogo, mtu aliye barabarani anauona. Seremala alimtajia bei ya mninga uliokauka sawasawa na kazi safi, kaka akanyamaza njia nzima mpaka kwenye pantoni.

Kwa hiyo ushauri wangu wa mlango: kama una fundi mzuri lakini mbao za wastani, chukua nakshi chache, kwenye miimo na mfaa tu, na mbao za mlango wenyewe ziache tambarare. Kama una mbao nzuri sana za mkongo, mninga au mtiki, usizichonge, zipake mafuta uone. Kama huna kimoja kati ya hivyo, nunua mlango wa paneli wa kawaida na usione haya. Na wowote utakaouchukua, usiuweke mahali ambapo jua la saa tisa na mvua ya masika vinaupiga uso kwa uso. Mlango wa nakshi ukiwa juani bila kivuli unataka mafuta kila mwaka, na vumbi la Dar linaingia kwenye kila jani. Huo usafi ni mswaki na subira, si kitambaa. Nilimuuliza wifi nani atakayeshika mswaki. Alinitazama tu.

Ukuta wa nje, na zile nyusi

Nimesema wote wawili wamepotea hapa. Kaka kwanza.

Nyusi za mtu si urembo. Jasho likishuka kwenye paji la uso, zinaligeuza pembeni lisiingie jichoni. Madirisha nayo ni hivyo. Ule ukingo unaotokeza juu ya dirisha, ile mistari ya plasta inayozunguka jengo usawa wa kila ghorofa, ilianza kazi yake kama kizuia maji kabla haijawa pambo. Vienna ukuta usio na nyusi unaweza kustahimili. Dar, mvua ya Aprili inapiga ukuta kwa ubavu, maji yanateremka na vumbi lote la juu ya ukuta, na chini ya kila kona ya dirisha unabaki mchirizi mweusi kama machozi ya wanja. Boksi jeupe analoliona kaka kwenye simu lilipigwa picha siku ya kukabidhiwa. Mimi hupita kwenye maboksi ya namna hiyo baada ya masika mawili.

Na paa la kuficha. Bati lipo, limelala nyuma ya ukuta uliopandishwa ili lisionekane, na maji yote yanakwenda kwenye gata lililo ndani ya jengo badala ya nje. Likiziba kwa majani ya mwembe, maji hayana pa kwenda ila sebuleni. Nilishawahi kusimamia moja ambapo fundi aliapa mteremko upo. Ulikuwepo, ila ulielekea kwenye kona isiyo na tundu. Kama umelipenda, lipende, lakini gata liwe pana la kuingiza mkono, literemke angalau sentimita moja kwa kila mita, na liwe na tundu la ziada upande wa nje ambalo likianza kutema maji jirani atakupigia simu.

Sasa wifi. Zile nguzo zenye vichwa vya majani hazibebi kitu. Ni bomba la zege lililomwagwa kwenye kalibu, nusu mbili zimegandishwa kuzunguka nguzo nyembamba ya nondo iliyo ndani. Ufa wa kiungo unaonekana ndani ya mwaka, na majani yale, kwa kuwa kalibu imeshatumika mara nyingi, yamekuwa kama mahindi ya kuchoma. Hilo ndilo pambo ambalo hoja ya kwanza ya Loos inalipata barabara: limekula hela, halijamfaidi fundi, halijakinga mvua, na litachosha. Vijiguzo vya umbo la chupa angalau vinamzuia mtoto asianguke, japo kuvipaka rangi ni adhabu.

Nilichowachorea ni nyusi. Kijipaa cha zege juu ya kila dirisha, kinatokeza sentimita 60, na chini ya ukingo wake mfereji mdogo wa kukatia maji yasirudi ukutani. Kando ya kibaraza, badala ya ukuta mzima, tofali za matundu, zile za maua ya pembe nne zilizojaa kwenye majengo ya miaka ya sitini. Zinaingiza upepo, zinakata jua, na saa kumi jioni zinatandaza kivuli sakafuni ambacho hakuna jipsamu itakayokipata. Wifi akaona pambo. Kaka akaona tofali. Soko la Kariakoo alilolichora Mtanzania Beda Amuli miaka ya 1970 halina nakshi hata moja, lakini hakuna aliyewahi kuiona ile miavuli ya zege ya paa lake akasema jengo lile ni tupu.

Dari

Fupi. Dari ya ngazi tatu yenye taa za rangi hukusanya vumbi na mende mahali usipofika. Paa likivuja mara moja tu, jipsamu inachora ramani ya rangi ya chai. Weka dari tambarare, na hela iliyobaki nunua feni nzuri.

Ila usiondoe skatingi. Watu wa simpo siku hizi wanataka ukuta uteremke moja kwa moja mpaka kwenye marumaru, bila ule ubao wa chini. Skatingi ipo kwa sababu lipu haijawahi kukutana na sakafu kwa unyoofu tangu dunia iumbwe, na kwa sababu deki inapiga ukuta kila siku. Hali kadhalika ile mbao inayozunguka fremu ya mlango. Uiondoe uone ufa kati ya fremu na lipu, kisha utafute fundi wa kuuziba usionekane, umlipe siku tatu.

Hela ikiwa haitoshi

Haitoshi kamwe, kwa hiyo swali ni uimwage wapi. Mimi huwaambia wateja watazame kanga. Haijamwagiwa maua ovyo: ina pindo linaloizunguka, ina mji katikati, na ina jina ambapo jicho linatua. Nyumba yako ina sehemu ngapi ambapo mtu husimama, akashika, akangoja? Mlango wa mbele, mkono wa ngazi, baraza, labda ukuta mmoja wa sebule. Pambo likikaa hapo linaonekana kila siku na kwa karibu. Likikaa juu ya paa linaonekana na wapita njia, na wao hawalipi fundi.

Kaka aliniuliza kama hivyo vyote havitachakaa kifasheni. Vitachakaa. Robert Venturi, mchora majengo wa Marekani, aliandika mwaka 1966, akiwajibu wakubwa wa maboksi, kwamba kichache kinachosha, na baada yake nguzo na matao vikarudi kwa fujo, kisha vikaondoka tena. Boksi la kijivu na jeupe lenye kamba ya mawe ya kubandika pembeni ya geti nalo lina tarehe yake. Atakayelitazama baada ya miaka 15 ataikisia bila shida.

Ujenzi unaendelea. Nyusi zimemwagwa wiki iliyopita, na kaka amezipima mwenyewe kwa futi, moja moja. Nguzo za majani zimefutwa. Mlango umeagizwa Unguja: miimo na mfaa vyenye nakshi, mbao tambarare. Jana fundi alipiga simu kuuliza bao la juu lichongwe nini, maana huko ndiko huandikwa aya, au mwaka, au jina. Wifi alitaka majina ya watoto wote wanne. Kaka akasema anayetaka majina yao atazame daftari la shule. Fundi amesema ataliacha bao hilo tupu kwa sasa, na patasi zake zipo.